Udongo wa bustani: jinsi ya kujua unahitaji kiasi gani kabla hujaita kenta

"Bustani yangu ni ndogo tu, nilete kenta ngapi?" Kila nyumba mpya inapoisha kupakwa rangi, swali hili linafuata. Na muuza udongo ana jibu lake tayari: "Leta mbili kwanza, bosi, halafu tutaona." Mnakuja kuona zimeshakuwa nne, au lundo limebaki nje ya geti wiki nzima mpaka mjumbe anabisha hodi kuuliza barabara itafunguliwa lini.

Kenta ni lori dogo, si kipimo, na bodi za kenta, yaani sehemu ya kubebea mzigo, hazilingani. Kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, nazo ni vivyo hivyo. Ukiagiza kwa gari bila kujua ujazo, unanunua usichokijua. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita au la saba, na kazi ya kupima inaisha asubuhi moja. Nimeandika nikifikiria viwanja vya Dar es Salaam na Pwani, ambako mchanga ni mwingi na udongo mzuri unanunuliwa, lakini hesabu ni ile ile popote ulipo.

Andaa vitu hivi

- Futi kamba, ya mita 5 au zaidi. Hatua za miguu hazifai. Hatua yako na ya shamba boy hazilingani, na kosa dogo kwenye urefu linazidishwa na upana.
- Kamba ya fundi na vigingi vinane hivi.
- Chepe au jembe la kuchimbia shimo la majaribio.
- Ndoo ya lita 20.
- Fimbo nyembamba iliyonyooka, ndefu kuliko ubavu wa kenta.
- Karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu.

Chagua kipimo kimoja tangu mwanzo, mita au futi, usichanganye. Fundi akikupa futi, gawanya kwa 3.28 upate mita. Mfano: futi 20 ni mita 6.1.

1. Chimba kwanza, huenda huhitaji kununua

Chimba mashimo matatu au manne sehemu tofauti, kina cha sentimita 30. Tazama ukuta wa shimo. Udongo wenye rangi ya kukolea, wenye mizizi na nyungunyungu, unaomeguka mkononi bila kuwa mchanga mtupu, huo ni mali yako tayari. Pima unene wake. Kama una sentimita 6 na bustani inataka 10, utanunua 4 tu, na bili imeshapungua zaidi ya nusu.

Ukikuta vipande vya tofali, saruji iliyomwagika, nailoni na mawe, hapo ndipo mafundi walipochanganyia zege. Ondoa takataka hizo. Kuzifunika kwa udongo mzuri ni kuahirisha tatizo, maana ukoka utageuka njano mahali hapo kila kiangazi.

2. Chora, gawanya, pima

Chora umbo la bustani kwenye karatasi. Haihitaji kupendeza. Ligawe katika mistatili, pembetatu na duara, kisha pima kila kipande peke yake:

- Mstatili: urefu × upana.
- Pembetatu: kitako × kimo ÷ 2.
- Duara: nusu kipenyo × nusu kipenyo × 3.14.

Upande uliopinda, kwa mfano uzio unaofuata barabara, upime upana kila baada ya mita 2, jumlisha vipimo, gawanya kwa idadi yake upate wastani, kisha zidisha kwa urefu.

Tuchukue mfano tutakaotembea nao hadi mwisho. Mbele ya nyumba kuna eneo la ukoka lenye umbo la L: kipande cha mita 8 kwa 5 na kingine cha 4 kwa 3. Hizo ni 40 na 12, jumla mita za mraba 52. Katikati kuna duara la maua lenye kipenyo cha mita 2, yaani 1 × 1 × 3.14, sawa na 3.14. Toa, ukoka unabaki na mita za mraba 49 kwa kukadiria. Nyuma kuna matuta matatu ya mboga, kila moja mita 4 kwa 1.2, jumla 14.4. Na mwenye nyumba anataka mwembe mmoja na mparachichi mmoja.

Watu wengi wanaanza na kiwanja chote, "ishirini kwa ishirini", kisha wanatoa nyumba. Hesabu hiyo inasahau kibaraza, pevingi, karo, chemba, msingi wa tangi la maji na njia ya kwenda jiko la nje. Pima bustani yenyewe.

3. Amua kina kwa kila kitu, si kimoja kwa vyote

Pesa nyingi zinapotea hapa. Mtu anaambiwa "weka futi moja" na anaiweka kiwanja kizima, wakati ukoka hauhitaji hata nusu yake. Vipimo vifuatavyo ni vya udongo mzuri baada ya kutulia:

- Ukoka: sentimita 10. Kama chini ni mchanga mtupu unaokunywa maji papo hapo, fanya 15.
- Mchicha, sukuma wiki, matembele na mboga nyingine za majani: 20.
- Nyanya, bilinganya, pilipili na karoti: 30.
- Maua na vichaka vidogo: 25 hadi 30.
- Miti ya matunda: usitandaze, hesabu kwa shimo. Shimo la sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini lina mita za ujazo 0.216, karibu ndoo 11.

Mfano wetu: ukoka 10, duara la maua 25, matuta 20 kwa kuwa ni ya mboga za majani, na mashimo mawili.

4. Tafuta usawa, utenganishe kifusi na udongo mzuri

Kiwanja kikiwa bapa, ruka hatua hii. Kikiwa na bonde, usikubali kulijaza lote kwa udongo wa bustani. Mizizi ya ukoka haitafika chini kote huko, na umelipa bei ya udongo mzuri kwa kazi ya kifusi.

Piga vigingi kwenye pembe, funga kamba kwenye usawa unaotaka bustani iishie, uilinganishe kwa pima maji au kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji kama wanavyofanya mafundi wa msingi. Kisha pima kutoka kwenye kamba hadi ardhini kila baada ya mita 2. Tuseme umepata sentimita 8, 10, 14, 22, 18 na 12. Jumla 84, gawanya kwa 6, wastani 14. Unataka 10 za udongo mzuri, kwa hiyo 4 za chini ni kifusi. Zidisha: mita za mraba 49 × mita 0.04, sawa na mita za ujazo 2 za kifusi, ambazo ni bei nyingine kabisa. Na pale palipo na 8, chimba 2 uzitupe kwenye ile 22.

Mambo mawili ya kuangalia unapoweka kamba. La kwanza, uso wa bustani uwe chini ya ukingo wa pevingi kwa sentimita 2 au 3, vinginevyo masika yatakuletea tope mlangoni. La pili, udongo usifikie ile nailoni nyeusi iliyotandikwa juu ya msingi kuzuia unyevu. Uache chini yake kwa sentimita 15. Ukiupita, ukuta utanyonya maji, rangi itabanduka, na mchwa watakuwa wamejengewa daraja. Shina la mti uliopo nalo usilifukie, litaoza. Vifuniko vya chemba viache wazi, kwa sababu siku ya kuziba itafika na hutakumbuka vilipo.

5. Zidisha

Kanuni ni eneo × kina, vyote kwa mita. Sentimita 10 ni mita 0.1, sentimita 25 ni 0.25. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuandika 10 badala ya 0.1. Ukipata jibu kwamba ukoka wa mbele unataka mita za ujazo 490, hapo ndipo ulipoteleza.

Ukoka: 49 × 0.1 = 4.9
Maua: 3.14 × 0.25 = 0.8
Matuta: 14.4 × 0.2 = 2.9
Mashimo mawili: 0.216 × 2 = 0.4
Jumla: mita za ujazo 9.0

Kama desimali zinakuchosha, kuna njia ya ndoo. Kila mita moja ya mraba, kwa kila sentimita moja ya kina, inakula lita 10, yaani nusu ndoo. Kwa hiyo tuta la mita za mraba 4.8 lenye kina cha 20 ni 4.8 × 20 ÷ 2, ndoo 48. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, ndoo 50. Kwa bustani ya kibarazani au ya mapipa njia hii inatosha, achana na nyingine.

6. Ongeza cha kushuka, toa samadi

Udongo uliotoka kuchimbwa na kupakiwa umejaa hewa. Ukimwagiwa maji mara chache na kukanyagwa, unashuka. Ongeza asilimia 20: mwaga sentimita 12 ili ubaki na karibu 10. Udongo uliochanganywa na mboji nyingi unashuka zaidi, kwa sababu mboji inaendelea kuoza.

9.0 × 1.2 = 10.8.

Sasa toa kile ambacho si udongo. Kwenye matuta na maua, robo ya ujazo iwe samadi iliyoiva. Matuta na maua ni 3.7, ukiongeza asilimia 20 inakuwa 4.4, robo yake ni 1.1. Kwa hiyo utanunua udongo mita za ujazo 9.7 na samadi 1.1, ambayo ni ndoo 55. Samadi iwe imepoa na haina harufu kali. Iliyotoka zizini jana itaunguza miche.

7. Geuza ujazo kuwa magari

Muulize muuzaji vipimo vya ndani vya bodi: urefu, upana, kimo cha ubavu. Akikwambia "ni ya kawaida tu", mwombe utingo apime kwa futi kamba. Tuseme bodi ni mita 3.1 kwa 1.8 na ubavu 0.4. Hiyo ni mita za ujazo 2.2. Udongo wetu wa 9.7 ÷ 2.2 ni magari 4.4.

Agiza manne. Tandaza, mwagia maji, kisha pima kilichopungua na kimalizie kwa kirikuu. Gari la tano likija siku ile ile kuna uwezekano mkubwa lundo likakubakia, na udongo uliokaa barabarani una wateja wake wa usiku.

Kabla ya kukubali bei, igawanye kwa ujazo. Namba hizi ni za kuonyesha hesabu tu, bei za mtaani kwako ulizia mwenyewe: kenta ya 2.2 kwa shilingi 120,000 ni kama 54,500 kwa mita ya ujazo. Kirikuu ya mita 2 kwa 1.3 kwa 0.3 inabeba 0.78, kwa shilingi 50,000 ni kama 64,000 kwa mita ya ujazo. Kirikuu inaonekana rahisi mpaka ugawanye. Viroba ndivyo vinavyodanganya kuliko vyote. Kiroba kilichojazwa udongo hadi mdomoni hakibebeki, kwa hiyo hujazwa nusu au pungufu. Nunua kimoja, kimimine kwenye ndoo, ndipo ujue viroba ishirini ni nini.

Wengine wanauza kwa tani. Udongo wa juu mkavu, usioshindiliwa, una uzito wa tani 1.1 hadi 1.3 kwa mita ya ujazo. Ukilowa unapita 1.5 kirahisi. Maana yake ni kwamba ukinunua kwa tani baada ya mvua, sehemu ya pesa yako imenunua maji. Wakati wa mvua nunua kwa ujazo. Bora zaidi, leta udongo kabla ya masika kuanza mwezi wa tatu, wakati njia za mtaani bado zinapitika na udongo ni mkavu.

8. Pima ukiwa bado ndani ya gari

Ukishamwagwa, mjadala umekwisha. Panda kwenye bodi na ile fimbo. Ichomeke kwenye pembe nne na katikati mpaka iguse chini, pima kila kina, tafuta wastani. Pembe ndizo zinazosema kweli, kwa sababu udongo hupangwa ukapanda mlima katikati huku pembeni uko nusu ubavu. Wastani huo × urefu × upana ndio ujazo uliouziwa.

Kama gari limeshamwaga wakati hukuwepo, lundo linakadirika pia. Pima kipenyo chake chini na kimo chake. Kipenyo × kipenyo × kimo × 0.26. Lundo la kipenyo cha mita 3 na kimo cha mita 1 lina mita za ujazo 2.3. Lundo halikai duara kamili, kwa hiyo usigombane kwa sababu ya ndoo tatu. Gombana ikipungua robo.

Ukiwa juu ya gari, angalia na udongo wenyewe, maana ujazo kamili wa udongo mbaya ni hasara kamili:

- Weusi si ushahidi wa rutuba. Mfinyanzi mweusi ni mweusi pia. Lowesha konzi moja, usokote. Ukitoa utepe mrefu unaong'aa na usiokatika, ni mfinyanzi. Utapasuka kiangazi na kutuamisha maji masika.
- Tafuta ndago. Vitunguu vyake vidogo vyeusi na mizizi yake kama nyuzi huonekana ukichambua konzi kadhaa. Ukiviona, rudisha gari. Ndago ikishaingia kwenye ukoka utaing'oa miaka.
- Udongo wenye ukungu mweupe wa chumvi au harufu ya mikoko umetoka karibu na bahari. Usiupokee.
- Jaza robo ya chupa ya maji kwa udongo, ongeza maji, tikisa, iache. Mchanga unatua ndani ya dakika chache, mfinyanzi unaweza kukaa juu mpaka kesho. Kama karibu wote umetua mara moja, umeletewa mchanga uliopakwa rangi.

Mambo yakienda kombo

*Udongo umeisha na eneo halijaisha.* Usiukwangue uliokwisha tandazwa ili ufike kote. Ukoka kwenye sentimita 5 juu ya mchanga utakudai maji kila jioni. Maliza sehemu moja kwa kina kamili, panda, iliyobaki isubiri gari jingine.

*Umebaki.* Ongeza kwenye matuta, hayakatai. Usiuongeze kwenye ukoka wala kwenye mashina ya miti. Lundo la akiba lifunike kwa turubai, weka mawe pembeni, na litumie kujaza mashimo baada ya mwezi.

*Hesabu ilikuwa sawa lakini bustani imeshuka mno.* Mara nyingi kifusi cha chini hakikushindiliwa. Kijaze kwa tabaka za sentimita 15, mwagia maji, shindilia, ndipo uweke tabaka jingine. Udongo mzuri wa juu wenyewe usishindiliwe. Kuukanyaga kwa miguu na kupitisha reki kunatosha.

*Maji yanatuama sehemu moja.* Kama ni kidimbwi kidogo na ukoka umeshaota, nyunyiza udongo mkavu uliochekechwa, sentimita 1 kwa mara moja, usubiri majani yachomoze, urudie. Ukimwaga 5 kwa pamoja utaufukia ukoka ufe. Kama yanatuama eneo zima, chini kuna mfinyanzi au zege la mafundi, na udongo zaidi hautasaidia: chimba uone.

*Muuzaji anakataa kupimwa.* Mlipe mwingine.

*Gari haliingii getini.* Ulizia upana wa geti na kimo cha nyaya za umeme kabla ya siku yenyewe. Udongo ukimwagwa nje, hesabu toroli: jaza lako kwa ndoo ujue linachukua ngapi. Likichukua ndoo 3, mita moja ya ujazo ni safari 17, na kenta yetu ya 2.2 ni safari 37. Patana na vijana kwa idadi hiyo kabla hawajashika chepe.